Shikamoo Mpaka Mombasa

Kutoka ofisi za halmashauri ya mji mpaka nyumbani kwetu Pumwani, mtu mwenye baiskeli na miguu mizima hufika kabla chai haijapoa. Mume wangu Zahoro alikuwa akifika magharibi. Hakuwa na mwanamke njiani, hakuwa mnywaji, wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa akiamkia watu.

Wapo wanaodhani natia chumvi, kwa hiyo nieleze. Zahoro hakuamkia kama watu wa mjini wanavyoamkia, mkono juu na safari inaendelea. Siku alipoandikwa utarishi na kukabidhiwa baiskeli ya kazi, mama yake, Bi Mwanasiti, alimkalisha chini akamwambia, "Mwanangu, chuma hiki kisikupandishe kichwa. Ukimwona aliyekuzidi umri, shuka." Basi akawa anashuka. Alishuka Gikomba kwa wauza mboga, akashuka darajani kwa mzee wa kamba za katani, akashuka mlangoni pa msikiti, na akifika mtaani kwetu alishuka kila baada ya nyumba mbili. Na akishuka ameshuka kweli. Baiskeli aliisimamisha kwa stendi, mkono akaufuta kwenye suruali, kisha shikamoo, habari za nyumbani, na yule kijana wako aliyeumia mguu anaendeleaje. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema, lakini hawasemi kwamba mke wake ndiye atakayekaa na sufuria ya wali akisubiri malezi yamalizike.

Ajabu ni kwamba mtu huyu huyu, barabara ikiwa tupu, hakuwa na mshindani. Jumapili asubuhi vijana wa Shauri Moyo na Makongeni walikuwa wakishindana kwenye barabara ya Doonholm mpaka Embakasi na kurudi, na Zahoro, ambaye alishawazidi wengi wao umri kwa miaka kumi, aliwaacha wakila vumbi. Mashindano yalianza alfajiri, wazee wakiwa bado wamelala. Siku yalipocheleweshwa mpaka saa tatu, aliishia wa mwisho, na wazee wote wa Shauri Moyo wakamwombea dua.

Mwaka wa hamsini na saba, chama cha baiskeli cha Kaloleni kikaanza kuzungumza habari ya mzungu mmoja wa benki aliyetoka Nairobi kwa baiskeli alfajiri akafika Mombasa siku ya pili taa za mji zikiwashwa. Ilisemwa hakuna aliyewahi kwenda kasi ile. Wanachama wakabishana wiki nzima. Huyu anasema Mwafrika hawezi kwa sababu ya baiskeli nzito, yule anasema anaweza ila hatapewa ruhusa. Mume wangu, ambaye kazi yake katika mikutano ile ilikuwa kunyamaza, akasema, "Mimi naweza." Nilisikia habari hiyo kwa jirani kabla hajafika nyumbani, maana alikuwa bado njiani akiamkia.

Nilimuuliza usiku ule kilichompata. Akasema, "Mama Salme, mimi tangu nizaliwe nimebeba vya watu. Barua za watu, salamu za watu, unga wa jirani, mtoto wa jirani. Pale ukumbini Kaloleni kuna ubao wa majina. Kuna mabondia, kuna wacheza mpira. Nataka jina langu liandikwe pale kwa kitu nilichokifanya mimi." Akageukia ukutani, kwa aibu nadhani. Mimi nilikaa macho. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akitaka kitu, na nilipomsikia nikakitaka kuliko yeye.

Kwa hiyo msiniambie haraka haraka haina baraka. Nimeambiwa na mtaa mzima. Mbio za baiskeli ni haraka hiyo hiyo, wala hakuna baraka nyingine inayotafutwa pale.

Alijizoeza mwaka mzima, kisha tukatengeneza kikosi. Vani alitukopesha Mahmud, mwenye duka letu, nayo ilinuka ng'onda, samaki wakavu, tangu mlangoni. Dereva alikuwa Odero, mchochea moto wa gari moshi, mkazi wa landhi za wafanyakazi wa reli Muthurwa, aliyejifunza kuendesha magari jeshini Burma na mpaka siku zile aliendesha kama anafukuzwa na Wajapani. Mimi nilikuwa mpishi. Wanaume wa chama walipoguna kwamba mwanamke atafuata mbio, niliwauliza ni nani kati yao anayejua chakula gani hukaa tumboni mwa Zahoro. Waamuzi wawili, mmoja wao Phares mwenyekiti, walitangulia Mombasa kwa treni ili wamsubiri daraja la Makupa. Akifika kabla taa hazijawashwa siku ya pili, rekodi ni yake.

Wakati ule ulikuwa wa Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali, na kabla hatujafika Athi River tulisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Askari walipekua vani, wakachungulia sufuria, wakatoboa gunia la mkate wa mofa kwa bakora. Karatasi zetu zilikuwa sawa. Tungeondoka mara moja, ila miongoni mwa askari alikuwamo sajini mwenye mvi, na Zahoro alitaka kujua kama watoto wa sajini hawajambo. Walikuwa hawajambo, wote sita.

"Shemeji," Odero akaniambia, "hii bwana yako iko na ugonjwa."

"Najua," nikamwambia. "Endesha."

Ukitoka pale barabara ilikuwa udongo mwekundu na mawe, na kila kichaka kina mzee. Sikujua Ukambani kuna wazee wengi namna ile. Wengine walikuwa wakichunga mbuzi, wengine wakienda vilabuni, na wengine, naapa, walikuwa wamesimama tu wakimngoja Zahoro. Alipiga pedali vizuri, mgongo ameulaza, vumbi linatimka nyuma, mpaka moyo wangu unaanza kutulia, kisha namwona anapunguza, anashuka, anasimamisha stendi. Mimi nikiwa ndani ya vani napiga mapaja yangu. Nilipiga honi mpaka Odero akanitoa mkono. Sultan Hamud tukawa tumechelewa, Emali tukawa tumechelewa zaidi, na mtu mwenyewe anakunywa chai yangu kwa utulivu, ananiuliza kama nimepata kupumzika.

Ni Odero aliyepata akili. "Sisi twende mbele," akasema. "Tukiona mzee, tunasimama, tunampa salamu ya Zahoro. Yeye akija anapita tu. Salamu imeshalipwa."

Zahoro alikataa kwanza. Alisema salamu haitumwi ikiwa mwenyewe yuko nyuma. Nilimwambia basi aandike pia talaka yangu, atume na hiyo. Akakubali, kwa sharti kwamba nitaje jina lake na anakotoka, wasije wakadhani ni mhuni.

Mzee wa kwanza tulimkuta kabla ya Makindu, amekaa juu ya jiwe na fimbo yake. Nikateremka na buibui langu jekundu kwa vumbi. "Shikamoo mzee. Nyuma yetu anakuja Zahoro wa Pumwani, tarishi wa Nairobi. Anakuamkia sana, lakini yuko mbioni hawezi kushuka. Tafadhali umwitikie akipita."

Mzee akaelekeza fimbo kule tulikotoka. "Amenitumia salamu mbele?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi?"

"Wewe, mzee."

Akasimama. Akasema tangu azaliwe anayetanguliziwa salamu katika barabara ile ni Bwana DC peke yake. Mimi nikaona kazi imekwisha, nikarudi garini na furaha zangu, tukaenda kumsalimu mwingine, na mwingine baada yake. Tulisalimu mpaka koo likanikauka. Kisha tukasimama tumngoje Zahoro, na tukangoja, na tukangoja. Odero akageuza vani.

Tulimkuta pale pale kwenye jiwe la yule mzee wa kwanza. Lakini sasa lilikuwa na kiti pembeni, na juu ya kiti mzee amevaa koti la sherehe, na nyuma yake ndugu zake wanne walioitwa mbio, na mbele yake kibuyu cha uji, na barabara imezibwa kabisa. Zahoro alikuwa ameshika kibuyu kwa mikono miwili. Tulitaka kumpunguzia mzee mmoja, tukamwongezea wanne. Na mbele huko nilikuwa nimeshawatayarisha wengine kwa kinywa changu mwenyewe, wote wametafuta makoti.

Tukaingia Mtito Andei usiku. Siandiki niliyoyasema njiani.

Lakini kabla hatujalala alinijia pale nilipokuwa nikisugua sufuria kwa mchanga. Akasema, "Mama Salme, kesho nitaamkia nikiwa juu ya baiskeli. Nakuahidi. Mama atanisamehe." Nilimwangalia kama anatania. Hakuwa anatania. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa jua, na macho yamevimba kwa vumbi, na niliona kwamba ule ubao wa Kaloleni alikuwa bado anautaka. Nikampaka mafuta ya nazi miguuni mpaka akalala ameketi.

Siku ya pili ilikuwa siku yangu. Toka Mtito Andei mpaka Voi hakuna watu, kuna ndovu, na ndovu hawadai shikamoo. Akapiga pedali nisivyowahi kumwona. Voi palikuwa na wazee, na Zahoro akatimiza ahadi: akawaamkia akipita, kwa sauti kubwa, uso umemshuka kama mtu aliyeiba kuku, lakini akapita. Pale Mackinnon Road penye kaburi la yule walii wa wajenzi wa reli, ambapo hakuna msafiri Mwislamu apitaye bila kusimama, tulisimama wote tukasoma Fatiha, na hapo hata mimi sikunung'unika. Samburu akapita. Mariakani akapita, na jua bado liko juu vizuri. Mteremko wa Mazeras aliuteremka ameachia breki, shati limejaa upepo, na mimi nikatoa kichwa dirishani nikapiga vigelegele mpaka Waduruma wakatoka nje ya nyumba zao kutazama bibi harusi. Nilimpenda siku ile. Nasema wazi, nilimpenda kuliko siku aliyonioa, maana siku aliyonioa nilikuwa simjui.

Minazi ikaanza. Hewa ikawa na chumvi. Tulikuwa na saa nzima na zaidi ya kuchezea, na kilichobaki ni mwendo wa mtu kwenda sokoni. Nikaanza kutafuta shati jeupe nililomfungia ili aingie Makupa mtu kama watu.

Karibu na Miritini, jeneza likatoka kwenye njia ya minazini likaingia barabarani.

Nimezoea mazishi ya Pumwani. Kwetu mtu akifa, jeneza halikai begani mwa mtu mmoja hatua tatu, watu wanaligombania kwa thawabu mpaka linaonekana linaelea lenyewe. Hili halikuelea. Lilikuwa na wabebaji wanne, wawili wao wazee, na nyuma wanafuata mwalimu wa kijiji na wanaume wawili wenye majembe. Basi. Mzee mmoja wa mbele alikuwa mfupi kuliko mwenziwe, na jeneza limeinama upande wake wote, na kila baada ya hatua chache wanalitua chini wapumue.

Zahoro akapunguza mwendo. Nikasema, "Usithubutu." Nilisema peke yangu, ndani ya gari, hakunisikia. Akashuka. Akasimamisha stendi.

Niliruka garini kabla Odero hajasimama sawasawa. "Baba Salme, wewe uliahidi!"

"Niliahidi salamu," akasema. "Maiti haamkiwi."

"Lina watu!"

"Lina wazee. Nipe leso."

Alikuwa na kaptula, na huwezi kwenda makaburini mapaja nje. Siku hiyo sikuvaa buibui, nilikuwa nimejitanda leso moja juu ya mabega na nyingine nimejifunga kiunoni. Nikaivua ya mabegani nikamtupia usoni. Akaikunja vizuri, akajifunga kama kikoi, akaenda akamwondoa yule mzee mfupi kwa upole kabisa, akaingiza bega lake. Nikageuka kumtafuta Odero anisaidie kumrudisha, na Odero alikuwa anafunga mlango wa vani, kofia yake ya reli ameshaivua.

"Odero, wewe ni Mkristo!"

"Kufa haina kanisa, shemeji," akasema, na akaenda akamwondoa mzee wa pili.

Wanawake hatuendi makaburini. Kwa hiyo nilibaki barabarani na baiskeli, na vani, na shati jeupe mkononi, nikitazama leso yangu ikiishilia minazini. Nilifikiri watabeba hatua chache za thawabu, warudi. Nilihesabu kwa moyo. Hawakurudi. Nikakumbuka kwamba wale wenye majembe walikuwa wawili tu, na kaburi halijifukii, na mume wangu namjua. Nikalia. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, na sioni haya kusema. Mtu anakaa mwaka mzima anapiga pedali alfajiri, mke anamchua kwa mafuta, mtaa mzima unachanga tairi, anafika mlangoni kabisa, halafu anakwenda kumzika mtu. Nilimlaani marehemu, Mungu anisamehe. Nilimuuliza kama hakuona siku nyingine. Kivuli cha minazi kikavuka barabara nzima kikapanda upande wa pili.

Waliporudi walikuwa na udongo mpaka viwikoni. Zahoro hakuniangalia. Akanirudishia leso, akaikung'uta kwanza, akapanda baiskeli, akapiga pedali kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, kana kwamba bado kuna kitu. Nilimfuata nikijua. Tulipoanza kuteremka kutoka Changamwe, kisiwa kizima kilikuwa kinawaka taa.

Waamuzi walikuwa wamekaa daraja la Makupa na meza yao. Phares alikuja mbio akamshika mabega. "Ndugu yangu, umekosa kidogo tu! Kidogo kabisa! Nini ilikuweka?"

"Tulikutana na watu," Zahoro akasema.

Nilifungua mdomo. Zahoro akanitazama, jicho moja tu, nikaufunga, na sijui mpaka leo kwa nini niliufunga. Odero akajifanya anaangalia tairi.

Basi hiyo ndiyo habari iliyorudi Nairobi. Wiki haikuisha nikiwa kwenye bomba la maji namsikia Kezia wa nyumba ya tatu akiwaeleza wenzake kwamba Zahoro alikuwa na mbio nzuri, ila mwisho umri ulimkamata, miguu ilimkatalia Mazeras. Wenzake wakamwonea huruma. Debe langu lilikuwa limejaa nusu. Nililiacha pale pale.

Nilimkuta nyumbani anatia kiraka kwenye tairi. "Umesikia wanavyosema? Miguu ilikukatalia! Wewe! Kwa nini usiwaambie Phares na chama chake ukweli? Wangeweza kukupa ruhusa urudie, wangekuelewa!"

"Nimsingizie maiti?" akasema.

"Si kumsingizia, ni kusema kilichotokea!"

"Nikisema nilishindwa kwa ajili yake, nimemdai. Hana cha kunilipa."

Nilisimama juu yake. Mwaka mzima wa kutaka jina lake mahali, na jina limekosekana, na ameketi anapaka gundi. Nikatafuta kitu cha kumshika nacho. "Haya. Angalau niambie alikuwa nani. Nijue nimetoa rekodi ya Mombasa kwa nani. Jina lake?"

"Sikuuliza."

"Umembeba, umemshusha kaburini, umemfukia, hukuuliza jina lake?"

"Mimi niliuliza," Odero aliniambia baadaye, lakini saa ile hakuwapo. Zahoro aliweka kiraka, akakibonyeza kwa kidole gumba, akakiangalia.

"Wale wenyewe hawakumjua, Mama Salme. Alikuwa mpita njia, aliwafia. Ndiyo maana walikuwa wachache."

Nikampiga ngumi ya bega. Niliipiga kwa nguvu, kwa yote, na akaguna, nikakumbuka kwamba ndilo bega lililochubuliwa na mti wa jeneza na lilikuwa bado halijapona. Nikamwambia avue shati nimpake mafuta.